Alama Tunazoziacha Ndani ya Kompyuta



Wengi wetu, wa chai ya Shagasha, wa saruji na wa mpunga huko Bugarama, hatuna kompyuta zetu wenyewe. Tunatumia ya ofisini au ya kulipia pale Kamembe, ili kuangalia michango ya pensheni, akiba ya Ejo Heza, au kusoma habari za haki zetu. Anayekaa kwenye kiti hicho baada yetu aweza kuona tulikopita. Basi yafaa tujue alama hizo hukaa wapi na hufutwaje.

Unapofungua ukurasa wa intaneti, brauza, yaani programu ya kusomea intaneti, huweka vitu vitatu: orodha ya kurasa pamoja na saa ulizozifungua, vidakuzi, yaani vijifaili vinavyokutambulisha, na nakala za picha na maandishi ili ukurasa ufunguke upesi siku nyingine. Katika Windows, mengi ya mafaili hayo yamo ndani ya folda iliyofichwa, iitwayo AppData. Zamani shida ilikuwa kubwa zaidi. Matoleo ya kale ya Internet Explorer, ambayo Microsoft iliistaafisha Juni 2022, yalikuwa na mafaili ya index.dat. Mtu alifuta historia yake, kumbe majina ya kurasa yamebaki humo.

Ukimaliza kazi, fanya hivi:

1. Toka kwanza katika akaunti zako zote. Kufunga dirisha si kutoka.

2. Bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Delete. Njia hii hufaa katika Chrome, Firefox na Edge.

3. Chagua muda uliokaa, mfano saa moja iliyopita. Ukichagua muda wote utafuta na ya wenzako. Tia alama kwenye historia, vidakuzi na nakala, kisha futa.

4. Mafaili uliyopakua hayaondoki kwa njia hiyo. Yafute wewe mwenyewe, kisha umwage na kapu la taka.

Kinga ni bora. Kabla ya kuanza, fungua dirisha la faragha: Ctrl, Shift na N katika Chrome na Edge, Ctrl, Shift na P katika Firefox. Ukilifunga, historia haibaki katika brauza.

Lakini tusidanganyane. Kufuta huko ni kwa kompyuta ile tu. Mwenye mtandao, akiwemo mwajiri, aweza kuwa na kumbukumbu zake za kurasa zilizofunguliwa. Kwa hiyo mambo ya chama tusiyafanyie kwenye kompyuta ya kampuni. Na mafaili ya kazi tusiyaguse, tusije tukampa mtu sababu ya kutuadhibu.

Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda habari binafsi za kila mtu nchini Rwanda, mfanyakazi naye akiwemo. Sheria ni ngao, lakini mlango wa nyumba hufungwa na mwenyewe. Mwenye kujua hatua hizi amfundishe mwenzake.