Injini ya mia au ya mia na hamsini? Pikipiki ya mayatima wa Ekero



Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja wa Kisauni akiwa na jambo lililomkosesha usingizi. Ndugu yake marehemu alikuwa ameoa Ekero, karibu na Mumias katika kaunti ya Kakamega, akisomesha madrasa huko kwa miaka mingi hadi alipofikwa na ajali yake. Ameacha mjane na watoto wanne. Mkubwa ana miaka 23. Watatu ni wadogo, na hao ndio mayatima kwa lugha ya sharia. Kiwanja cha urithi kiliuzwa huku pwani, na mafungu ya wadogo yako mikononi mwa ami yao. Kijana mkubwa akaomba inunuliwe pikipiki aifanyie bodaboda, ili mama na wadogo zake wapate chakula na karo.

Juu ya pikipiki yenyewe hapakuwa na khitilafu. Khitilafu ilikuwa juu ya injini.

"Ami, nakuomba ile ya mia na hamsini. Ya mia haitaiweza kazi ya huku," kijana alisema kwa simu.

"Mwanangu, hapa kwetu watu wazima wanapanda za mia na wanafika waendako. Hizo kubwa ni za kujionyesha," ami akamjibu.

Wengi wetu tungeunga mkono upande wa ami. Mali ni ya watoto wasioweza kujisemea, na msimamizi wake ataulizwa kila shilingi imekwenda wapi. Lakini uangalifu si kununua kilicho rahisi tu. Kitu cha bei ndogo kisichotimiza kazi nacho ni hasara ya mali. Kwa vile tulikuwa na safari ya Mumias, tulimwomba asiamue kabla hatujaiona Ekero kwa macho yetu.

Njia hiyo si ngeni kwa watu wa pwani. Misafara ya wafanyabiashara wetu ilifika katika ufalme wa Wanga karne ya 19, zama za Nabongo Mumia, na Uislamu ukaota mizizi pale. Na bodaboda yenyewe ni mtoto wa magharibi ya Kenya: ilianza kwa baiskeli kwenye mpaka wa Uganda, Busia na Malaba, miaka ya 1960. Pikipiki zilikuja kuenea baadaye, hasa baada ya serikali kuziondolea VAT zile zisizozidi ujazo wa 250 mwaka 2008.

Tuieleze kwanza hiyo mia na hiyo mia na hamsini, kwani wako wanaozitaja kila siku bila kujua ni mia za nini. Ni ukubwa wa nafasi ambamo pistoni hupanda na kushuka, kwa sentimita za ujazo. Majina yenyewe yamekaribishwa: Boxer iitwayo 150 ina kama 145, na ya mia haifiki mia kamili. Nafasi ikiwa kubwa, hewa na petroli nyingi zaidi huungua kila mpigo, na nguvu hupatikana zaidi. Ile ndogo hutoa takriban nguvu za farasi 8, na kubwa takriban 12. Kwa maneno mengine, kubwa ina nguvu moja na nusu ya ndogo.

Hapa ndipo ami na mwana wa nduguye walipokuwa wakizungumza mambo mawili tofauti pasi na kujua. Ami anaijua pikipiki ya mia akiwa kando ya bahari, ambako hewa ni nzito. Ekero iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kila upandapo mita 100 hewa hupungua uzito, na injini ya kawaida isiyo na kipulizio hupoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake. Hivyo pikipiki ile ile ikifika Ekero imepungukiwa na zaidi ya moja ya kumi. Zile 8 huwa 7 tu. Ile kubwa nayo hupungukiwa, ila hubaki na 10 na ushei.

Tena barabara. Kwetu Kisauni mtu hutembea juu ya ardhi tambarare. Ekero ipo lami, na juu ya lami hapana tatizo. Ukiiacha lami ukaingia baina ya mashamba ya miwa, njia ni ya udongo, inashuka mabondeni na kupanda tena, na mvua za huko hazina msimu maalumu kama tulivyozoea sisi. Hunyesha karibu mwaka mzima. Tulimwona mwendeshaji akipanda kilima na abiria mmoja tu juu ya pikipiki ndogo, yuko gia ya kwanza, injini inalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa, na mama wa watu akateremka akamalizia kwa miguu.

Mafundi wana dawa yao. Hubadilisha gia ya nyuma inayoshikwa na mnyororo, wakaweka yenye meno mengi zaidi. Pikipiki hupata nguvu ya kuvuta, lakini mwendo hupungua, na injini huzunguka haraka zaidi kwa kila kilomita. Petroli iliyokusudiwa kuokolewa huanza kuliwa, na injini yenyewe hupata joto na kuchakaa kabla ya wakati. Kwa mtu wa kwenda sokoni mara moja kwa siku dawa hiyo yatosha. Kwa kazi ya kutwa, hatuipendi.

Hata hivyo hatukutaka kuhukumu kwa kilima kimoja. Tulimshauri kijana akodi pikipiki ya mtu kwa siku sita, na kila safari aiandike daftarini: ametoka wapi, amefika wapi, amebeba nini, amelipwa ngapi. Aliandika vizuri, baba yake hakumsomesha bure. Daftari likaonyesha kuwa safari nyingi zilikuwa za lami, abiria mmoja, kwenda Mumias na kurudi. Kwa safari hizo ya mia ingetosha kabisa, na ami alikuwa na haki. Lakini zaidi ya nusu ya pesa zilitoka katika zile safari chache za mashambani: mama na madebe yake ya mahindi, mifuko ya mbolea, mgonjwa wa kupelekwa zahanati baada ya mvua. Wenye pikipiki ndogo huzikataa safari hizo, au huzichukua kwa taabu.

Tukaifanya na hesabu ya petroli, kwani hoja ya ami ilisimama hapo. Kijana alikwenda kama kilomita 90 kwa siku. Tukadiria kwamba ndogo itakwenda kilomita 60 kwa lita na kubwa 45. Ndogo itakunywa lita moja na nusu, kubwa lita mbili. Lita ikiwa shilingi 180, tofauti ni shilingi 90 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 2,340 kwa mwezi, na kwa mwaka 28,080. Si pesa ya kudharau. Ni karo ya mtoto. Lakini kipimo hicho cha kilomita 60 ni cha njia nzuri na mzigo mwepesi. Ikielemewa kilimani, ndogo hunywa kupita makadirio yake, na pengo hilo hupungua. Safari mbili za mashambani ambazo ndogo isingezichukua hulipa tofauti yote ya siku na kubakisha.

Liko jambo moja lililotutia wasiwasi kuliko petroli. Injini kubwa humwita kijana kwenye mwendo. Na pikipiki nyingi za aina hii zina breki za ngoma mbele na nyuma, kubwa kwa ndogo. Nguvu ya kwenda imeongezeka, ya kusimama haikuongezeka kwa kadiri hiyo. Humwita pia kwenye mishikaki, abiria wawili na watatu nyuma yake, ilhali sheria ya Kenya yaruhusu abiria mmoja tu, na yalazimisha helmeti na jaketi la kung'aa. Tulimkalisha kijana mbele ya mama yake tukamwambia wazi kwamba nguvu aliyoiomba ni ya kilima na mzigo. Mama akasema, "Mwanangu, baba yako nilimpokea kutoka barabarani amefunikwa shuka. Sina nguvu ya kupokea mwingine." Kijana aliinamisha kichwa. Hatukuona haja ya kuongeza neno.

Ikabaki pesa. Mafungu ya wadogo yalitosha kununua ya mia taslimu, na kubakisha ya bima, leseni na helmeti mbili. Kwa ya mia na hamsini yalipungua. Muuzaji mmoja alikuwa tayari kukopesha hicho kilichopungua kwa riba ya kila wiki. Hilo tulilikataa kabla hajamaliza sentensi. Riba ni haramu juu ya mali ya yeyote, sembuse ya yatima. Tunatofautisha hapa, kwani watu huchanganya: muuzaji kukuuzia pikipiki yake kwa bei ya juu kidogo iliyokatwa siku ya kwanza, ukailipa kidogo kidogo bila kuongezeka ukichelewa, hiyo ni biashara ya halali. Aliyokuwa akiitaka yule siyo hiyo.

Ami alilichukua daftari akalisoma usiku kucha, akiliandika tena kwa hesabu zake mwenyewe. Asubuhi alitupigia simu akiwa Kisauni. Alisema kilichopungua atakitia yeye kutoka mfukoni mwake, kisiwe mkopo wala sadaka, bali awe mshirika. Pikipiki ikawa ya watu wanne: mayatima watatu kwa robo tatu na ushei, na ami kwa kilichobaki. Mafungu yakaandikwa kwa hesabu kamili mbele ya mashahidi wawili.

Naye kijana hawi mgawana mapato. Madhehebu yetu ya Shafii hayapendi ujira usiojulikana kiasi chake, na kugawana pato la kila siku huleta maneno baina ya jamaa. Ameikodi pikipiki kutoka kwa wenyewe kwa ujira wa siku uliokubaliwa, kama wafanyavyo matajiri wote wa bodaboda, na kinachozidi ni chake na mama yake. Petroli na oili ni juu yake. Injini ikifa au tairi zikiisha, ni juu ya wenye mali, kila mmoja kwa fungu lake. Siku ambayo pikipiki iko kwa fundi hapana ujira, kwani hapana manufaa yaliyokodiwa. Ikiibwa bila ya uzembe wake, halipi.

Pikipiki ilinunuliwa Mumias wiki mbili zilizopita, ya mia na hamsini, nyekundu, kinyume cha ami aliyetaka nyeusi. Kwa sasa yaendeshwa taratibu, kwani injini mpya haikimbizwi katika kilomita 500 za mwanzo, kisha oili hubadilishwa. Daftari linaendelea kuandikwa, na kila mwisho wa mwezi litapigwa picha litumwe Kisauni.