Uniti na Lita: Utangulizi kwa Anayechagua Gari la Familia

Kama umeanza kutafuta gari la familia, bila shaka umeshapewa ushauri unaogongana. Mmoja anakwambia gari la umeme halina gharama, mwingine anakwambia litakulaza njiani. Wote wawili huenda wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia safari yake mwenyewe. Somo hili lina misingi michache, na ukiishika utaweza kupima ushauri wowote bila kumtegemea muuzaji. Mwanzoni nitakwenda polepole kwa makusudi, kwa sababu wengi hupotea hapo.

Tuanze na magari yenyewe. SUV ni gari lenye kimo kirefu na tumbo lililoinuka kutoka barabarani kuliko gari dogo la kawaida. Za petroli Mtanzania hahitaji kuelezwa: Toyota RAV4, ile ambayo watu waliibatiza Miss Tanzania, Nissan X-Trail, au Toyota Vanguard yenye viti saba. Kwa upande wa umeme nitatumia mfano mmoja, BYD Atto 3, gari la Kichina lenye viti vitano, uzito wa kilo 1,750 likiwa tupu, na betri ya kilowati-saa 60 hivi.

Neno kilowati-saa lisikutishe, maana kitu chenyewe unakinunua kila mwezi. Ni uniti ile ile ya LUKU. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja mfululizo imekula uniti moja. Hicho ni kipimo cha nishati, yaani akiba ya uwezo wa kufanya kazi. Kilowati peke yake, bila neno saa, ni kipimo cha kasi ya kuitumia akiba hiyo. Fikiria simtanki la nyumbani: uniti ni maji yaliyomo, kilowati ni wingi wa maji yanayotoka bombani kwa wakati mmoja. Muuzaji anayekusifia kilowati 150 anazungumzia bomba. Kama gari litakufikisha au halitakufikisha, jibu liko kwenye tanki.

Sasa tuilete petroli kwenye kipimo hicho hicho. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu uniti 9. Kwa hiyo tanki la lita 60 la SUV ya familia limebeba zaidi ya uniti 500, wakati betri nzima ya Atto 3 ni sawa na petroli isiyofika lita 7. Hapa mgeni wa somo hili hushtuka, na ana haki. Inawezekanaje gari lenye akiba ya lita 7 litembee kilomita 300 au zaidi?

Jibu liko ndani ya injini. Gari la petroli hutumia injini ya mwako wa ndani, yaani mashine inayochoma mafuta ndani ya silinda na kutumia msukumo wa gesi ya moto kuzungusha magurudumu. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haifiki kwenye tairi. Inapotea kama joto kupitia rejeta na ekzosi, na katika matumizi ya kawaida kinachobaki kusukuma gari ni kama robo tu. Mota ya umeme, yaani mashine inayogeuza umeme kuwa mzunguko kwa nguvu ya sumaku, hupoteza kidogo sana. Zaidi ya asilimia 85 ya umeme unaoingia hutoka kama mwendo. Gari la petroli basi hubeba uniti nyingi na kumwaga nyingi, na la umeme hubeba chache na kuzitunza. Nakusihi uishike tofauti hii vizuri, kwa sababu karibu kila swali lingine la somo hili linatokana nayo.

Chukua foleni ya Barabara ya Morogoro saa kumi na mbili jioni. Injini ya petroli inaendelea kuchoma mafuta hata gari likiwa limesimama, na kila unapokanyaga breki mwendo ulioulipia unageuka joto na kupotea. Gari la umeme likisimama, mota haili chochote. Kinachotumika ni kiyoyozi, taa na redio. Ukipunguza mwendo, mota yenyewe hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Wataalamu wanaiita breki rejeshi. Ndiyo maana mjini, mahali ambapo petroli hula zaidi, gari la umeme hula kidogo.

Kwenye barabara kuu mambo hugeuka. Hapo adui ni upepo, na ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, unakaribia kuwa mara mbili. Injini ya petroli ikikimbia kwa mwendo mmoja inafanya kazi katika hali inayoipenda, hivyo ulaji wake kwa kilomita unashuka. Wa gari la umeme unapanda.

Tupige hesabu ya mjini kwanza. Tuseme unatembea kilomita 40 kwa siku jijini Dar es Salaam. Gari la umeme litakula uniti 6 hivi, na kwa kuwa kuchaji nako kunapoteza kidogo, hesabu 7 kwenye mita. Kwa bei ya nyumbani ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni shilingi 2,500 hivi. SUV ya petroli ikila lita 11 kwa kilomita 100 katika foleni, siku hiyo itakunywa lita 4.4, kwa petroli ya shilingi 3,000, ni 13,200. Bei hubadilika, na EWURA hutangaza bei mpya za mafuta kila mwezi, kwa hiyo weka za siku yako. Njia ya kuhesabu ni hiyo hiyo.

Tofauti hapo ni shilingi 10,700 kwa siku, au 267,500 kwa siku 25 za kazi. Kama gari la umeme linauzwa ghali zaidi kwa milioni 20, litarudisha tofauti hiyo kwa miaka 6 na kidogo. Ukitembea kilomita 80 kwa siku, ni miaka 3 hivi. Watu wengi huamini gari la umeme ni la mtu asiyetembea sana, kumbe faida yake ni kubwa zaidi kwa anayetembea sana kila siku na kurudi kulala pale pale.

Sasa twende Iringa, kilomita 500 hivi kutoka Dar. Kwa mwendo wa barabara kuu hesabu uniti 20 kwa kilomita 100, yaani 100 kwa safari nzima. Ongeza mlima. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuinua gari lenye abiria na mizigo, jumla kilo 2,000, hadi kimo hicho kunadai zaidi ya uniti 8, hata kama barabara ingekuwa laini namna gani. Ukirudi Dar, breki rejeshi itakulipa sehemu yake ukiteremka Kitonga, lakini wakati wa kwenda utailipa yote. Betri ni ya uniti 60. Utahitaji karibu 50 njiani, na akiba juu yake.

Utazipata wapi, na kwa muda gani? Soketi ya ukutani ya ampia 10 hutoa kilowati 2.3, hivyo uniti 50 zitachukua zaidi ya saa 20. Chaja ya nyumbani ya kilowati 7 itachukua saa 7. Chaja ya haraka inaweza kumaliza kazi hiyo kwa chini ya saa moja. Yenyewe hutoa mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu kama betri inavyoutaka, badala ya mkondo geu wa nyumbani unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde na kubadilishwa ndani ya gari. Kama njia yako haina chaja ya haraka uliyoihakikisha mwenyewe, ihesabu haipo. SUV ya petroli ikila lita 8 kwa kilomita 100 itafika Iringa kwa lita 40, bila kusimama sheli hata moja.

Kuhusu matengenezo nitasema machache. Gari la umeme halina oili ya injini, plagi wala ekzosi, lakini bushi, shokapu na tairi vinakufa kama kawaida, na nyaya zake za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa kuua. Fundi asiyefunzwa asiziguse. Kwa gari lililotumika, pima afya ya betri kabla ya kutazama rangi na viti. Joto huzeesha betri, na Nissan Leaf za mwanzo kutoka Japani, zisizo na mfumo wa maji wa kupoza betri, zinaonyesha hilo waziwazi: dashibodi ina vijistari 12 vya afya, na kila kimoja kilichozimika ni kilomita ulizopoteza.

Maoni yangu ni haya. Kama gari linalala mahali penye umeme wako mwenyewe, familia haizidi watano, na safari ndefu mnaweza kwenda kwa basi, treni au gari la pili, nunua la umeme, na mapema. Kama ndilo gari pekee, mko saba, na kila Desemba mnakwenda Moshi au Songea na mizigo, petroli bado ndiyo chaguo sahihi leo. Usiamue kwa kukisia. Kwa mwezi mmoja, andika kila usiku kilomita ulizotembea na mahali gari lilipolala, kisha ndipo uende kuongea na muuzaji.