Kisukari na jicho lisilouma

Usukumani jicho linaloogopwa ni jekundu. Kwa miaka mingi, katika vijiji vya Shinyanga, Mwanza na eneo hili ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Simiyu, bibi mwenye macho mekundu alinyooshewa kidole kuwa mchawi, na wapo waliokatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Wekundu ule ulikuwa wa moshi. Mwanamke aliyepikia mafiga tangu usichana wake, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na miti ilipokwisha akachochea kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, macho yake yatabakije meupe?

Nalitaja jambo hili zito kwa sababu hofu yetu bado imeelekezwa pasipostahili. Jicho jekundu linamfikisha mtu hospitali, au kwa jirani mwenye dawa ya majani. Jicho linaloharibiwa na kisukari halimfikishi popote. Haliumi wala haliwashi, na halitoi tongo. Kwa nje ni safi kabisa, na mwenyewe anaweza kuendelea kuchambua mchele na kuhesabu fedha za pamba kwa miaka, huku ndani mambo yanaharibika.

Yanaharibikaje? Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kupeleka taarifa zake ubongoni, na unalishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hulegea, na kama tyubu ya baiskeli iliyochoka, hutokeza vivimbe pale palipo dhaifu. Vivimbe hivyo huvuja maji na mafuta. Maji yakituama katikati ya retina, mahali tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu, mgonjwa huanza kuona ukungu. Mishipa mingine huziba, na retina iliyokosa damu huotesha mishipa mipya. Hiyo mipya ndiyo mibaya: ni dhaifu, hupasuka, na jicho hujaa damu kwa siku moja. Mgonjwa huja akisema ameamka na kuona utando mweusi, na nyumbani wengine wanaanza kutafuta nani kamfanyia hivyo. Ugonjwa wenyewe ulianza miaka mingi kabla ya asubuhi hiyo.

Presha ya damu huzidisha uharibifu huu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari waliodhibiti presha vizuri walipunguza kwa karibu theluthi uwezekano wa retina kuendelea kuharibika. Kwa hiyo mzee anayemeza dawa ya sukari na kuiacha ya presha kwa sababu "sijisikii vibaya" analinda nusu ya jicho.

Hapa kwetu Tanzania tatizo si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa watu wapatao 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Waliovuka umri huo hawakuhesabiwa, na ndio ambao ugonjwa huu unawaandama zaidi. Huko Moshi, mpango wa uchunguzi wa macho mkoani Kilimanjaro ulipima wagonjwa wa kisukari zaidi ya 3,000 kati ya 2010 na 2014. Karibu 28 katika kila 100 walikuwa na dalili za retina kuharibika, na 16 walikuwa na uharibifu katikati ya retina. Sioni sababu ya kudhani kwamba Maswa, wilaya yetu hapa Simiyu, ingekuwa na bahati kuliko Moshi.

Kipimo chenyewe hakitishi. Kwanza unasimama mita 6 kutoka kwenye chati. Asiyejua kusoma anapewa chati ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, naye anaonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Wazee wengi wakifika mstari wa chini hutabasamu, wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Mtu anaweza kuisoma chati yote na bado retina yake ikawa inavuja damu pembeni. Ndipo unatiwa matone ya kutanua mboni. Yanawasha kidogo, unakaa kwenye benchi kama nusu saa, kisha daktari anamulika au anapiga picha nyuma ya jicho. Anatafuta vidoa vyekundu vidogo kama ncha ya sindano, madoa ya manjano ya mafuta, na mishipa mipya iliyosokotana. Macho yatakuwa na kiwi kwa saa kadhaa, kwa hiyo mzee aje na mjukuu, na asiendeshe baiskeli kurudi nyumbani.

Vidoa hivyo vikionekana mapema, sukari na presha zikishikwa vizuri, mara nyingi hakuna haja ya zaidi ya kumfuatilia. Vikizidi, kuna leza na kuna sindano za ndani ya jicho. Hizo ni kazi za hospitali kubwa. Kwa Kanda ya Ziwa mojawapo ni hospitali ya rufaa ya Bugando, Mwanza. Jambo moja lazima lisemwe wazi, maana limewakatisha tamaa wengi: leza hulinda uoni uliobaki, hairudishi uliopotea. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya upofu mkubwa kwa mwenye mishipa mipya. Anayeifuata baada ya giza kuingia ataondoka akisema haifai.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine, na kwa wazee ndiye sababu kubwa zaidi ya upofu. Huyo huondolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi ya bandia ikawekwa, na mtu akaona tena. Ila mwenye kisukari humpata mapema, na akifanyiwa upasuaji bila retina kuchunguzwa, huenda bandeji ikatolewa na giza likawa lile lile. Presha ya macho nayo huiba uoni kimya kimya, na inapimwa katika safari hiyo hiyo. Dawa za kienyeji za kutia jichoni, iwe majani, mkojo au maziwa, hazifiki kwenye retina. Zinachokifikia ni kioo cha mbele, na hukiunguza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kiungo kinachokosekana ni kidogo. Katika kliniki nyingi za kisukari nchini mgonjwa hupimwa uzito, sukari na presha, akaambiwa apunguze ugali na michembe, asiweke sukari kwenye chai, akarudi nyumbani. Macho yake hayajaangaliwa. Uingereza ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuwapima macho wagonjwa wote wa kisukari mwaka 2003, na ilipofika 2010 ugonjwa huu haukuwa tena sababu namba moja ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 50. Leza haikuwa ngeni kwao. Walichokifanya ni kumwita kila mgonjwa apimwe kabla hajalalamika.

Sisi tusisubiri kuitwa. Hospitali ya Wilaya ya Maswa iko hapa hapa mjini, na lami imeunganisha Maswa na Bariadi. Sera ya Taifa ya Wazee inampa mwenye miaka 60 na zaidi asiye na uwezo haki ya kutibiwa bila malipo, kwa hiyo asiye na kitambulisho cha matibabu cha wazee akaulize ofisi ya mtendaji wa kata. Mwenye kisukari apimwe retina mara tu anapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Nawe kijana uliye Mwanza au Dar es Salaam, unapompigia simu mama kuuliza sukari yake imesomaje, muulize pia ni lini mara ya mwisho alitiwa matone ya kutanua mboni. Akijibu hajui unazungumzia nini, mtumie nauli wiki hii.