Mtu Akiumia Ghalani, Nani Atalipa?

Msimu wa kahawa ufikapo, ghala la chama cha msingi wilayani Muleba huingia watu wengi kuliko wakati mwingine wowote. Huja mkulima na magunia yake, dereva wa lori, na mara nyingi mtoto aliyetumwa kumsaidia mzazi. Hao si watumishi wa chama, bali wameingia katika jengo lake kwa ajili ya kahawa. Basi ubao wa ngazi uliooza ukikatika na mkulima akavunjika mguu, je, hiyo ni ajali tu, au chama kinadaiwa?

Pale ambapo sheria zilizotungwa nchini hazitoi jibu, mahakama za Tanzania hufuata kanuni za sheria ya Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920. Mojawapo ni kanuni iliyotokana na kesi ya Indermaur na Dames ya mwaka 1866. Fundi wa gesi alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha sukari mjini London, akatumbukia katika tundu la sakafuni lililotumika kupandishia sukari, nalo halikuwa na uzio. Mahakama iliamua kwamba mtu aliyeingia kwa shughuli inayomhusu mwenye jengo, naye akajiangalia ipasavyo, anastahili kukingwa na hatari isiyo ya kawaida ambayo mwenye jengo anaijua au alipaswa kuijua.

Mgeni wa nyumbani, aliyekaribishwa kutafuna kahawa na kuzungumza, alipewa na kanuni hiyo ya kale kinga ndogo zaidi: mwenyeji alitakiwa amwonye juu ya hatari iliyofichika ambayo yeye aliijua. Mkulima aliyeleta kahawa mizanini si mgeni wa namna hiyo. Chama kimemwita kwa shughuli yake, kwa hiyo wajibu wake kwake ni mkubwa. Wajibu huo humwangukia anayelitawala jengo, hata kama amelipanga tu.

Ifahamike kwamba sheria haidai fidia kwa kila ajali. Tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016 lilipasua na kubomoa majengo mengi mkoani Kagera, na hapana aliyeweza kulizuia. Lakini ufa ulioonekana na kila mtu, ukaachwa miaka mingi huku watu wakipanga foleni chini yake, ni jambo jingine. Ukuta huo ukianguka, kitakachoulizwa si tetemeko bali uzembe.

Chama kilichoandikishwa ni mtu kamili mbele ya sheria, mbali na wanachama wake. Chaweza kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake. Kwa hiyo hata mwanachama aliyeumia aweza kukidai, na fidia italipwa kutoka mali iliyochangwa na wakulima wote. Kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya mwaka 1971, dai la namna hii laweza kufunguliwa katika muda wa miaka 3. Katika muda huo katibu aweza kuhama na mashahidi wakasahau. Kinachobaki ni maandishi. Mtumishi wa chama aumiapo kazini, shauri lake hupelekwa katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, chini ya sheria ya mwaka 2008.

Kabla ya msimu kuanza, yafaa katibu pamoja na mjumbe wa Bodi watimize haya:

(a) Kukagua ngazi, sakafu, kuta, paa, shimo la choo na jinsi magunia yalivyopangwa.

(b) Kuandika daftarini kila kasoro, tarehe iliyoonekana, aliyepewa kazi ya kuirekebisha na siku ilipomalizika.

(c) Ikiwa fedha za matengenezo hazijapatikana, kupazungushia uzio mahali penye hatari na kuhamisha mizani. Tangazo la onyo husaidia, lakini halitengenezi ubao uliooza.

(d) Mtu akiumia, kumpeleka kwanza kwenye matibabu, kisha kuandika siku hiyo hiyo jina lake, mahali, saa na mashahidi.

Daftari lenye kasoro zilizoandikwa bila kurekebishwa litakuwa ushahidi dhidi ya chama, kwa kuwa litathibitisha kwamba hatari ilijulikana. Ubao mmoja na misumari michache ni gharama ndogo. Mguu wa mkulima ukivunjika, shamba lake hulala, na wenzake hulipa.