Msituni Bila Mzigo wa Kuni

Kwa wengi wetu tuliolelewa mashambani, msitu ni mahali pa kazi. Tulikwenda huko kutafuta kuni, tukarudi tumeinama, kamba ikikaza kwenye paji la uso. Ndiyo maana mama akiambiwa aende msituni kutembea tu, mikono mitupu, hucheka kwanza. Ataipata wapi nafasi hiyo? Jumamosi ni ya kufua, Jumapili ni ya kanisa na wageni.

Hata hivyo, dada mpenzi, soma Marko sura ya 6 uone jinsi Bwana Yesu alivyowaita wanafunzi wake kando wakapumzike, maana walikosa hata nafasi ya kula. (Na umati ukawatangulia huko huko! Mwenye watoto wadogo haitaji maelezo.)

Familia za Nairobi zina mahali pa kwenda kando bila kusafiri mbali. Msitu wa Karura, ambao ni wa serikali tangu mwaka 1932, una zaidi ya hekta 1,000, na unapakana na Muthaiga, Limuru Road na Kiambu Road. Watoto wakiwa wadogo, ingieni upande wa Kiambu Road mkatafute Lily Lake. Huitwa ziwa, ila kwa kweli ni bwawa, lenye matete ukingoni na ndege wa majini. Njia zina vibao vya namba kwenye njia panda. Mpe mtoto mkubwa ramani awaongoze. Wenye miguu mirefu waendelee hadi kwenye maporomoko ya mto Karura na mapango yaliyo karibu nayo.

Mkifika penye maji, kaeni. Usianze mara moja kugawa chakula. Waacheni watoto watazame juu: huenda wakawaona mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe, ambao walianza kuhamishiwa humu mwaka 2014 kutoka Kipipiri. Baba naye abebe kikapu siku hiyo. Hatapungukiwa na kitu.

Wasimulieni watoto pia kwa nini miti hiyo bado imesimama. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa watu binafsi ili zijengwe nyumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai, mama wa watoto watatu, alikwenda na wenzake kupanda mti. Walinzi waliokodiwa wakawapiga, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha taarifa, aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alifariki mwaka 2011. Binti yako akijua habari hiyo, hatauona msitu huu kama bustani ya matajiri. Ni wake, na mama mmoja aliumizwa kwa ajili yake.

Tena, kwa miaka mingi wanawake waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wahalifu. Uzio wa umeme na walinzi, wakiwamo vijana wa vijiji jirani, vimebadilisha hali hiyo. Leo utawakuta akina mama wakitembea wawili wawili asubuhi, wakizungumza yale yasiyozungumzika nyumbani.

Kuhusu matayarisho: vaeni viatu vilivyofungwa, na mchukue sweta, kwani chini ya miti kuna baridi hata jua likiwaka. Chapati, viazi vitamu na mayai ya kuchemsha vinatosha. Chupa za maji za plastiki zinazotumiwa mara moja zimekatazwa katika misitu ya hifadhi Kenya tangu Juni 2020, hivyo beba maji katika chupa ya chuma. Ulizia mapema ada ya kiingilio na namna ya kuilipa. Na funika kikapu vizuri, maana tumbili wa Karura wanazijua ndizi kuliko unavyodhani.