Mboga, Maiti na Miezi Miwili ya Kiyahudi

Anayefungua kitabu cha Nehemia hukutana na mwezi wa Kisleu katika aya ya kwanza kabisa. Lakini ukimwuliza Myahudi wa leo mwezi huo una siku ngapi, naye atakuuliza kwanza: wa mwaka gani? Katika mwaka wao wa 5784, uliokwisha mwanzoni mwa Oktoba 2024, Kisleu ulikuwa na siku 29, na Heshvani unaoutangulia siku 29 vilevile. Mwaka uliofuata, yote miwili ikapewa 30. Miezi mingine haichezi: Nisani daima ni 30, Iyari 29, na kadhalika kwa kupokezana, ila katika miaka yenye miezi 13 (7 katika kila 19) Adari huwa miwili, wa kwanza siku 30, wa pili 29. Kuna watakaoona kigeugeu hicho ni ovyo. Mimi naona ndani yake huruma kwa mpishi na kwa mfiwa.

Siku ya Upatanisho, tarehe 10 Tishri, Myahudi hapiki wala hazikwi mtu, kama ilivyo siku ya Sabato. Siku hizo mbili zikifuatana, Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya sheria zao, inataja yatakayoharibika: mboga na maiti. Mama anayenunua sombe, yaani majani ya muhogo, soko la Kadutu hapa Bukavu, nyumbani hana friji, hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kwa hiyo Tishri hauruhusiwi kuanza Jumatano wala Ijumaa, na kwa sababu ya sikukuu nyingine, wala Jumapili. Mwaka mpya ukisogezwa mbele siku moja au mbili, lazima pawe na mahali pa kuzitoa au kuzirudisha, na mahali hapo ni Heshvani na Kisleu.

Mtu atasema huko ni kuuchezea mwezi wa Mungu. Lakini mwezi wenyewe hauna idadi kamili ya siku: kwa hesabu yao, tangu kuandama hadi kuandama tena ni siku 29, saa 12 na dakika 44 na ushee. Nusu siku hiyo haina pa kukaa; lazima mwezi mmoja uipoteze na mwingine uizidishe. Basi kwa nini wasiutazame angani, kama Waislamu wa hapa Bukavu wafanyavyo Ramadhani? Zamani walifanya hivyo: mashahidi walifika mbele ya baraza Yerusalemu, na habari ikapelekwa. Kwa waliotawanyika mbali, habari ilichelewa. Hesabu, ambayo mapokeo yanaihusisha na Hileli wa Pili katika karne ya 4, ndiyo inayowawezesha Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale nchini Uganda, na Wayahudi wa Lubumbashi kufunga siku moja bila kutumiana mjumbe.

Pingamizi moja nalikubali. Mwaka wa hesabu hii ni mrefu kidogo kuliko mwaka wa jua, na katika kila miaka 216 hivi Pasaka yao husogea siku moja kuelekea kiangazi cha kaskazini. Heshvani na Kisleu haiwezi kulitibu hilo. Lingehitaji baraza lenye mamlaka juu ya Wayahudi wote, na baraza la namna hiyo halijaketi kwa zaidi ya miaka 1,500.