Kifundo cha Mkono Kilichovunjika: Plasta au Upasuaji?

Anayeteleza hutanguliza mkono ili kujikinga, na mara nyingi kinachovunjika ni kifundo, kwenye ncha ya mfupa ulio upande wa kidole gumba. Hapo mgonjwa na jamaa zake hujiuliza: je, plasta itatosha, au ni lazima apasuliwe?

Mfupa ambao haukuhama kwa kawaida hufungwa plasta ngumu, ambayo wengi huiita hogo, kwa wiki 4 hadi 6. Uliohama hunyooshwa kwanza, mgonjwa akiwa amepewa dawa ya ganzi au ya usingizi. Kisha hushikizwa kwa plasta, kwa pini nyembamba za chuma, au kwa bamba la chuma na skrubu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 nchini Uingereza ulihusisha watu wazima 500 ambao mifupa yao ilihama na ikaweza kunyooshwa bila kupasuliwa. Baadhi walifungwa plasta, wengine wakawekewa pini. Baada ya mwaka mmoja, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutumia mkono. Hata hivyo, asilimia 13 ya waliofungwa plasta walilazimika kufanyiwa upasuaji ndani ya wiki 6, kwa kuwa mfupa ulihama tena. Kwa wazee, mfupa uliopona ukiwa umepinda kidogo kwenye picha ya eksirei mara nyingi hufanya kazi zake za kila siku bila shida.

Kwa hiyo plasta si tiba duni ya asiye na fedha. Lakini ina sharti lake: mgonjwa arudi kupigwa picha katika wiki ya kwanza na ya pili, wakati mfupa uliohama bado unaweza kurekebishwa. Asiyerudi huenda akagundua kasoro baada ya mfupa kuunga, na kuirekebisha wakati huo ni kazi kubwa zaidi.

Upasuaji una nafasi yake pale mfupa unapotoboa ngozi, uso wa kiungo unapoachana, mshipa wa fahamu unapoendelea kubanwa, au mfupa unapokataa kutulia. Nao una hatari zake, zikiwemo maambukizi na kuumia kwa kano au mishipa ya fahamu. Umri wa mgonjwa, kazi yake na mkono anaoutegemea zaidi ni mambo ya kupimwa pamoja na picha.

Njia yoyote itakayochaguliwa, pete zivuliwe mapema, mkono uinuliwe, na vidole, kiwiko na bega vichezeshwe tangu siku ya kwanza. Maumivu yakizidi, au vidole vikivimba sana, vikifa ganzi, vikawa baridi au vikabadilika rangi, mgonjwa arudi hospitali mara moja, hata kama ni usiku. Plasta iliyobana huweza kulegezwa kwa dakika chache. Misuli iliyokosa damu kwa saa nyingi huenda isipone tena.